Kwa fundi, chuoni au chumbani: kujiandaa kwa kazi ya sauti ukiwa Malindi au Lamu

Kaskazi ikianza kuvuma na mahoteli ya Malindi yakijaa wageni, simu yangu haitulii. Nusu ya wanaopiga wanatafuta mitambo. Nusu nyingine ni vijana, au wazazi wa vijana, na swali lao ni moja: huyu mtoto anapenda mambo ya spika na miksa, tumpeleke wapi? Juzi alikuja mama mmoja kutoka mtaa wa Barani, hapa Malindi, na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Mama anataka chuo. Mjomba wa kijana ana mitambo ya kukodisha na amekwisha sema, "Nipe huyu miezi sita tu, utaniambia." Kijana mwenyewe ana laptopu, hedfoni na biti nne alizotengeneza akiwa kitandani, na haoni kwa nini aende popote.

Niliwaomba wanipe juma moja. Haya ndiyo niliyowaandikia, nimeongeza machache kwa wale wa Lamu.

Kwanza tukubaliane kwamba kazi ya sauti ni kazi kadhaa zilizopewa jina moja. Kuna anayesimama nyuma ya miksa, ile meza ya kuchanganya sauti, usiku wa harusi. Kuna anayerekodi na kuchanganya sauti studio. Kuna fundi mitambo wa redio. Kuna anayefunga vipaza sauti msikitini, kanisani au hotelini, akalipwa na kwenda zake. Wa kwanza hurudi nyumbani kwa adhana ya alfajiri, wa pili hana saa, wa tatu ana zamu na mshahara, wa nne ana ngazi na drili. Kijana akisema "nataka sauti", muulize anajiona wapi kati ya hao wanne. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Ninavyopima

Nimezipima njia tatu kwa mambo matano. Pesa: kiasi gani kitatoka kabla chochote hakijaingia. Muda: lini utalipwa kama fundi na si kama mbebaji. Sikio: ni nani atakayekwambia kwamba ulichokisikia sicho. Umeme: Kenya tunatumia volti 240, na kazi yetu ni kumpa mtu kitu cha chuma akakiweke karibu na midomo. Mlango: kazi ipi itakufungukia mwishoni, na mji gani.

Sikio ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Mashine utanunua au utaazima, lakini sikio lisilosahihishwa huzoea kosa lake mpaka likaliona tamu. Kipaji sikukiweka kwenye orodha. Miaka yote hii sijajua namna ya kukipima kwa mtoto wa miaka kumi na minane.

Njia ya kwanza: kwa fundi wa mitambo ya kukodisha

*Pesa.* Karibu hakuna, zaidi ya nauli na kula yako. Unalipa kwa mgongo. Spika ya besi hubebwa na watu wawili, na Lamu kubeba ni somo zima peke yake: mitambo hushushwa Mokowe, hupakiwa botini, hupandishwa gatini, kisha mkokoteni au punda ndani ya vichochoro ambamo ukikutana na punda mwingine lazima mmoja arudi nyuma. Anayejifunza pale huijua haraka thamani ya kupanga vitu kabla ya kuondoka. Ukisahau waya mmoja Mokowe, umesahau ng'ambo ya bahari.

*Muda.* Posho ndogo inaweza kuanza mwezi wa kwanza. Kuaminiwa miksa huchukua msimu mzima au miwili, na inategemea moyo wa fundi. Wapo wanaokufundisha mpaka uwazidi. Wapo wanaokuacha miaka mitatu unakunja nyaya. Hata huko kukunja kuna elimu yake: mzunguko mmoja wa kawaida, unaofuata umegeuzwa kwa ndani, ili waya usijisokote na nyuzi zake zikakatika. Ukimwona kijana anazungushia waya kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe, huyo hajapata mwalimu.

*Sikio.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara, na hapo hapo ndipo inapopotosha. Inang'ara kwa sababu hakuna kurudia. Maiki ikianza kulia mluzi katikati ya usiku wa harusi, una sekunde mbili, na wakwe wote wamekugeukia. Utajifunza kwamba mluzi ni sauti ya spika inayoingia tena kwenye maiki ikazunguka, na kwamba dawa ya kwanza ni mahali: spika zisogezwe mbele ya mwimbaji, maiki izipe mgongo. Maiki za kuimbia tunazotumia sana huku, kama Shure SM58 iliyoingia sokoni 1966 na zile zilizoigwa kutoka kwake, hazisikii vizuri upande wa nyuma. Zimeundwa hivyo makusudi. Mwimbaji akikikumbatia kile kichwa cha wavu kwa kiganja, kama wanavyopenda vijana, anaziba njia za nyuma na kuiharibu hesabu yote, na mluzi unarudi. Hilo nililijua kwa kulaumiwa jukwaani, na sijalisahau.

Inapotosha kwa sababu fundi naye ana makosa aliyorithi. La kawaida kabisa Malindi ni ekolaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, yenye umbo la mdomo unaocheka: besi juu, sauti kali juu, katikati chini. Muziki wa disko hupendeza. Taarabu hufa. Maneno ya binadamu hukaa hapo katikati, takriban kuanzia hezi 300 hadi 4,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na taarabu bila maneno ni kinanda na udi vinavyosubiri mtu. Nimeona wazee wakiondoka kwenye harusi wakisema mwimbaji hakuimba vizuri. Aliimba. Fundi alimkata.

Masikio yenyewe pia hulipa. Taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda hugawanywa kwa mbili, kwa hivyo kwenye desibeli 100 una dakika kumi na tano tu. Mbele ya spika zetu 100 ni jambo la kawaida. Vizibo vya masikio si ushamba.

*Umeme.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Kwenye harusi moja ya uwanjani, jenereta haikuwa na ati, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na aliyefunga nyaya alikuwa amekata waya wa ati kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mpiga gitaa aliposogeza midomo kwenye maiki alirushwa nyuma. Alipona, akaendelea kupiga akiwa ameketi mbali na maiki, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile, nikiona mtu anafungua soketi kwa kijiti ili achomeke plagi ya pini mbili, hukaa mbali naye. Mvumo wa hezi 50 una dawa zake, na kukata ati hakumo.

*Mlango.* Harusi, mikutano ya siasa, mahoteli, mashindano ya shule. Kazi huenda na upepo na mwezi. Kaskazi mahoteli yamejaa, masika mengi hufunga. Ramadhani hakuna harusi, Mfungo Mosi zinafuatana hadi unachanganya majina ya maharusi. Lamu, Mfungo Sita una Maulidi ya Riyadha na watu kutoka pwani nzima. Utakutana pia na maombi ya disko matanga, muziki wa usiku kucha kwenye msiba. Serikali imeyapiga marufuku mara kadhaa katika kaunti ya Kilifi, na kanuni za kelele za 2009 zipo. Fundi anayekupeleka huko atakuacha uelezane na polisi peke yako.

*Inamfaa* asiye na karo, mwenye nguvu, anayependa watu, na asiyesononeka akiamrishwa. Pia inamfaa msichana kuliko watu wanavyodhani. Sherehe nyingi za wanawake katika harusi zetu, vugo na kupamba, mwanamume haingii. Mwanamke anayejua kufunga mitambo na kuichezesha ana soko ambalo mimi siwezi kulikaribia hata kwa bei ya bure.

Njia ya pili: chuoni

*Pesa.* Nyingi, na karo ni sehemu tu. Kozi zenye uzito ziko Nairobi, na kijana wa Malindi atalipa chumba, chakula na matatu za kila siku kabla hajashika waya. Vyuo vya umma vina nafuu: nafasi hupatikana kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia. Kwa chuo cha binafsi, kabla ya kutoa shilingi, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi.

*Muda.* Diploma ni miaka miwili au zaidi. Katika muda huo mwenzako aliyebaki kwa fundi amekwisha jua kila hoteli ya ufukweni na jina la kila bawabu.

*Sikio.* Chuo kizuri hukupa sababu, na sababu ni kitu ambacho fundi wa mtaani mara nyingi hana. Chukua mkutano pale Buntwani, uwanja wazi, watu wamesimama mbali. Fundi wa mtaani ataongeza sauti ya spika za mbele mpaka watoto wazibe masikio. Aliyesoma anajua kwamba mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Kwa hivyo anaweka spika nyingine katikati ya watu. Anajua pia kwamba sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo spika iliyoko mita 34 kutoka jukwaani lazima icheleweshwe sehemu moja ya kumi ya sekunde, la sivyo wa nyuma watamsikia msemaji mara mbili, kama aliye kisimani. Hili mtu anaweza kuligundua mwenyewe baada ya miaka kumi. Darasani ni somo la asubuhi moja.

Lakini ulizeni, wazazi, swali hili moja mnapotembelea chuo: wanafunzi wangapi kwa miksa moja? Mimi nilisoma kozi ya miezi sita Nairobi, chuo sitakitaja. Tulikuwa ishirini na wanane, miksa moja, mwalimu mmoja aliyekuwa na kazi nyingine. Nikijumlisha dakika nilizoishika ile miksa hazifiki saa moja. Nilirudi na cheti kizuri chenye muhuri, na usiku wangu wa kwanza kazini nilichomeka spika kwenye tundu la hedfoni.

*Umeme.* Hufundishwa ipasavyo kwenye vyuo vizuri. Hata usipokwenda Nairobi, mtihani wa ufundi wa umeme wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unaweza kuufanya ukiwa kazini, na karatasi ile huwatuliza mameneja wa hoteli.

*Mlango.* Redio, televisheni, mashirika, kampuni kubwa za matamasha. Matangazo ya kazi hizo huanza na neno diploma, na asiye nayo faili lake halifunguliwi hata kama ana sikio la dhahabu. Kenya Institute of Mass Communication, ambayo ilianza 1961 ikifundisha mafundi wa redio ya taifa, bado ni jina ambalo watu wa utangazaji wanalitambua. Faida nyingine haimo kwenye mtaala: uliosoma nao ndio watakaokupigia simu miaka mitano baadaye wakitafuta mtu wa pwani.

Kama moyo wako uko kwenye taarabu na ngoma zetu, tazama pia kusini. Dhow Countries Music Academy ya Unguja, iliyoanza 2002, ni chuo cha muziki, na udi na ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, hufundishwa hapo. Hutatoka umekuwa fundi wa sauti. Utatoka unajua ganuni inapaswa kusikikaje, na kuna mafundi wenye diploma zao ambao hawajui.

*Inamfaa* mwenye karo au mkopo, anayetaka mshahara wa mwezi, na anayependa kujua kwa nini kabla ya kujua vipi.

Njia ya tatu: chumbani kwako

*Pesa.* Watu husema ni bure. Si bure. Unahitaji laptopu yenye nguvu ya kutosha, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, maiki moja ya maana, hedfoni zisizotia chumvi kwenye besi, na bando la kutazama masomo. Programu ya kurekodia ndiyo nafuu: Audacity ni ya bure tangu ilipotoka 2000, Reaper hukupa siku 60 za kujaribu, kisha leseni ya bei ndogo ni dola 60. Zile za wizi zinazopitishwa kwenye flashi huja na virusi, na siku moja zitakula kazi ya mteja.

*Muda.* Unaanza leo usiku. Kumaliza hakuna tarehe, na hapo ndipo wengi hukwama: mwaka wa tatu bado anatazama masomo ya namna ya kuanza.

*Sikio.* Hakuna wa kukusahihisha isipokuwa ujitafutie. Chukua rekodi unayoijua vizuri, iliyochanganywa na watu wanaojua kazi, uiweke kando ya yako kwa ukubwa uleule wa sauti, usikilize kwa zamu. Itauma. Kisha ipeleke kazi yako kwenye spika ya tuktuk. Dereva wa Malindi hana subira. Kama maneno hayasikiki juu ya injini, atakwambia kabla hamjafika Ngala.

Chumba nacho ni mwalimu, mzuri au mbaya. Chumba cha bati hakirekodi masika, na chumba kitupu cha saruji hurudisha kila neno mara tatu. Ning'iniza leso na mablanketi, simamisha godoro nyuma ya mwimbaji. Wa Lamu mna bahati ambayo hamuijui: kuta nene za matumbawe na chokaa huzuia kelele za nje vizuri, na ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, huitawanya sauti kuliko ukuta laini. Hasara yenu ni punda. Panga kurekodi kati ya sala na sala, na mwombee punda wa jirani ashibe.

Jambo dogo linalowaponza wanaoanza: rekodi ya muziki mara nyingi hufanywa kwa hezi 44,100, yaani kompyuta hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, ya video kwa 48,000. Ukichanganya bila kuangalia, midomo ya bibi harusi itapishana na maneno yake.

*Umeme.* Hatari kwa mtu ni ndogo, kwa kazi ni kubwa. Stima hupotea bila kuaga. Hifadhi kila dakika chache, na uweke nakala kwenye diski ya nje. Hewa ya chumvi nayo hula jeki na swichi polepole. Vifaa vifunikwe na vifutwe, hasa kama dirisha linatazama bahari.

*Mlango.* Biti, matangazo ya biashara, podikasti, sauti za video za mahoteli na za harusi. Mteja anaweza kuwa Mombasa au ng'ambo. Ila wateja wako wa kwanza watakuwa marafiki zako, na rafiki hulipa kwa kukutaja mwanzoni mwa wimbo.

*Inamfaa* mwenye kazi nyingine ya mchana, mtulivu, asiyehitaji kusukumwa.

Sasa wewe uko wapi?

Umemaliza shule, nyumbani hakuna karo, na unataka jukwaa: nenda kwa fundi, lakini mchague. Mtazame anavyofunga ati kabla hujamtazama anavyocheza muziki. Mpe msimu mmoja. Ukiisha hujaigusa miksa hata wakati wa kujaribu sauti mchana, hama kwa adabu.

Mzazi ana karo, na kijana anataka redio au televisheni: chuo, na likizo zote arudi kubeba spika huku. Yule wa Barani nadhani yumo hapa, ingawa mamake hakupenda hilo la kubeba.

Una kazi hotelini na hutaki kuiacha: chumbani usiku, na hotelini umzoee fundi wa bendi. Msaidie kukunja nyaya. Atakuuliza jina.

Uko Lamu, kazi za jukwaa ni chache na zinakuja kwa mafungu: anza chumbani, kisha jitolee msikitini au kwenye madrasa penye mitambo. Mahali pamoja, sauti ileile ya khatibu kila Ijumaa, ni darasa ambalo sijaona chuo kikilipiku, kwa sababu ukigeuza kitu kimoja unasikia hasa kilichobadilika. Kwa Mkristo wa Malindi, kanisa la Jumapili hufanya kazi hiyo hiyo.

Masikio yako hupiga kengele kila ukitoka kwenye disko: usiingie jukwaani bila vizibo, na ikiwezekana kapimwe kwanza. Studio na utangazaji vitakufaa zaidi.

Na ambaye bado hajui aliko, Desemba hii amwombe fundi yeyote wa karibu amruhusu kubeba nyaya usiku mmoja tu. Ikifika saa kumi alfajiri, wenzake wamelala juu ya spika na lori halijafika, ajiangalie kama bado anataka kujua kwa nini besi ilivuma upande wa kushoto peke yake. Kisha anipigie.